Na Nafsi Yako Uipe Pole

Dominika ya 31 ya Mwaka B
Masomo: Kum 6:2-6, Ebr 7:23-28, Mk 12:28-34



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya leo yatuletea mwandishi mmoja wa Sheria aliyemwendea Bwana wetu Yesu Kristo na swali la kweli. Alitaka kujua ni amri ipi iliyo ya kwanza kupita zote. Bwana akamjibu kwa amri mbili zisizotengana: kumpenda Mungu kwa nguvu zetu zote, tusimbakizie mwingine nafasi yake, na kumpenda jirani kwa kipimo kile kile tunachojipendea sisi wenyewe.

Amri hizi twazijua. Watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza huzikariri bila kukosea. Lakini tukizisikiliza upesi, huwa twasikia wawili tu: Mungu na jirani. Kumbe ndani ya amri ya pili yumo wa tatu, amekaa kimya kama mgeni aliyekosa kiti. Huyo ni nafsi yetu wenyewe. Bwana ameitaja kuwa kipimo, na kipimo kikiharibika, kila kinachopimwa nacho hupunjwa. Mwenye duka ambaye pishi yake imebonyea huwapunja wateja wote, hata asipokusudia. Vivyo hivyo, mtu asiyejihurumia kamwe, mwishowe huruma yake kwa wengine huja ikiwa na manung'uniko ndani yake. Leo basi tumkaribishe huyo wa tatu, tuone Mungu ataka tumtendeeje.

Lugha yetu ya Kiswahili imejaliwa neno fupi lenye hazina kubwa: neno pole. Mtu akijikwaa njiani, aliye karibu humwambia pole, ingawa si yeye aliyeliweka jiwe lile. Akirudi shambani na jembe begani, hupewa pole ya kazi. Akiugua, akifiwa, akinyeshewa na mvua, hupewa pole. Shina la neno hilo ndilo lizaalo mpole na upole. Ndilo pia lililotupa polepole, yaani mwendo wa mtu asiye na pupa. Katika Injili ya Mathayo, Bwana aliwaita wote waliolemewa na mizigo waende kwake wapumzike, akajitambulisha kwao kuwa ni mpole. Kwa hiyo, kila atoaye pole kwa moyo mnyofu hutoa kitu kidogo cha moyo wa Kristo. Sasa tujiulize: ni nani miongoni mwetu aipaye nafsi yake pole?

Tutazame maisha yetu ya kila siku. Mama mmoja wa jumuiya amekesha hospitalini na mtoto wa jirani. Arudipo nyumbani, akakuta maharage yameungua jikoni, hujiita mzembe asiyefaa kitu. Kijana aliyeanguka mtihani wa kidato cha nne huwatia moyo wenzake walioanguka pamoja naye, lakini usiku, akiwa peke yake, hujiita mjinga. Katekista aliyekosea jina la marehemu kwenye ibada ya mazishi hulibeba kosa hilo mwaka mzima, ingawa wafiwa wenyewe walikwisha kulisahau. Na yupo mzazi aliyefiwa na mtoto, ambaye kila usiku hujifungulia baraza la hukumu kitandani: laiti ningaliamka mapema, laiti ningalikopa nauli siku ile ile. Kama jirani ndiye angalikuja kwetu na msiba huo, je, tungalimwambia kwamba yeye ndiye aliyemwua mwanawe? Hasha! Tungalimketisha, tungalimpa maji ya kunywa, tungalilia pamoja naye. Kwa nini basi maneno tusiyothubutu kumwambia jirani twayaona ni halali kuiambia nafsi yetu?

Huenda mmoja wenu akasema: "Huu si ubinafsi? Je, Bwana hakutuamuru kujikana nafsi na kuubeba msalaba kila siku?" Swali hilo ni la haki, nasi tulijibu kwa uangalifu. Kujikana nafsi si kujichukia. Kujikana ni kukataa kuifanya nafsi kuwa bwana mahali pa Mungu. Na ajichukiaye naye ameiweka nafsi katikati, maana mchana kutwa aitazama yeye tu, ingawa kwa hasira. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba Mkristo yampasa kujipenda kwa mapendo yatokayo kwa Mungu, kwa sababu yeye naye ni wa Mungu. Akafundisha pia kwamba mtu mwovu, hata akijipendelea namna gani, kwa kweli hajipendi, maana huitafutia nafsi yake mambo yanayoipoteza.

Kwa hiyo tunacho kipimo rahisi. Rafiki yetu akiwa mlevi, upole hautuambii tumwongezee pombe. Mtoto akiwa mvivu, upole hautuambii tumfiche shule. Twamkanya, lakini twamkanya kwa sababu twamtakia mema. Basi kujihurumia si kujipa kila tunachokitamani, wala si kuyaita makosa yetu kwa majina mazuri. Ni kujitakia mema yale yale tunayomtakia jirani, na kujikanya kwa sauti ile ile tunayomkanyia mtu tunayempenda. Twaweza kuliona jambo hili katika sehemu tatu: katika ulimi, katika mwili, na katika dhambi ambayo Mungu amekwisha kuisamehe.

Kwanza, ulimi. Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyekuwa Askofu wa Geneva hadi alipofariki mwaka 1622, alitoa mwaka 1609 kitabu cha kuwafundisha walei njia ya ibada. Ndani yake aliweka sura nzima juu ya upole wa mtu kwa nafsi yake mwenyewe. Aliona kwamba wako watu ambao wakishikwa na hasira, hukasirika kwa sababu wamekasirika, kisha huchukizwa kwa sababu wamechukizwa. Hivyo moyo wao huwa kama chungu kisichoepuliwa jikoni. Akawashauri wajifunze kwa wazazi wema: onyo la baba lililo tulivu humrekebisha mtoto kuliko makelele na matusi. Moyo wetu nao ni vivyo hivyo. Ukianguka, uinue kwa huruma, uuambie kwamba tumeanguka katika shimo tuliloazimu kuliepuka, na sasa tusimame tena, tumwombe Mungu msaada, tuendelee na safari.

Tuone tofauti hapo. Askofu huyo mtakatifu hakusema kwamba shimo si shimo. Alikataa tu kumpiga mateke mtu aliyemo shimoni. Ninyi makatekista mnalijua jambo hili kazini mwenu. Mwanafunzi wa ukatekumeni anayetukanwa kila akosapo kujibu, hajifunzi sala; hujifunza kuogopa. Nafsi itukanwayo kila jioni nayo haijifunzi utakatifu. Hujifunza kumkimbia Mungu, ikidhani sauti ile ya matusi ni sauti yake.

Pili, mwili. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, chatusimulia habari ya nabii Elia baada ya ushindi wake mkubwa mlimani Karmeli. Malkia Yezebeli aliapa kumwua, naye Elia akakimbilia jangwani. Huko akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Huyu si mtu dhaifu wa imani. Huyu ni nabii mkuu, naye amefika mwisho wa nguvu zake. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Hakumhubiria. Hakumkumbusha aibu ya nabii kuomba kufa. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika kumgusa, na pale kichwani pake pakawa na mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na chombo cha maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale, kwa kuwa safari iliyo mbele yake ni ndefu kuliko nguvu zake. Kwa nguvu za chakula hicho nabii alitembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu.

Wapendwa, tuutazame utaratibu wa Mungu. Kwanza usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena, ndipo safari, na mwishoni kabisa ndipo maneno. Sisi mara nyingi twaugeuza utaratibu huo. Mtu aliyechoka hata kuzimia twamdai kwanza sala ndefu, na mtu huyo huwa ni sisi wenyewe. Yupo katekista anayetembea kwenda kigango cha mbali akiwa na homa, kwa hofu kwamba akibaki nyumbani Mungu atamhesabia uvivu. Lakini katekista huyo huyo, mwumini wake akiugua, ndiye wa kwanza kumhimiza aende zahanati. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba uhai na afya ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, nasi yatupasa kuvitunza kwa busara. Sisi ni wasimamizi wa uhai wetu, si wamiliki wake. Msimamizi aiachaye nyumba ya Bwana wake ibomoke hasifiwi kwa unyenyekevu.

Hapa hatuwezi kuwasahau watunzaji. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wengi wameitwa kuuguza nyumbani. Wapo mabibi waliowazika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu katika umri ambao wao ndio walistahili kulelewa. Mama wa namna hiyo ukimwuliza habari zake, hukujibu kwa kukueleza habari za wajukuu. Ukimpa sahani ya chakula, huigawa yote. Sadaka yake ni takatifu, wala hatuidharau hata kidogo. Lakini twamwambia kwa heshima: mama yetu, hata wewe u mtoto wa Mungu. Mkate ule wa jangwani ulikuwa wa Elia mwenyewe, naye hakutenda dhambi kuula.

Tatu, dhambi iliyokwisha kusamehewa. Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana hapa ukali juu ya nafsi huvaa kanzu ya ibada. Mtu ameungama kosa lake miaka mingi iliyopita. Padre amempa maondoleo, naye akayatimiza malipizi. Hata hivyo, kila Kwaresima hulirudia kosa lile lile kitubioni, na kila siku hujiongezea malipizi ambayo hakuna aliyempa: hajioni kuwa anastahili kufurahi, hakai mbele kanisani, hakubali kuchaguliwa kuwa kiongozi wa jumuiya, hajiruhusu hata kuimba.

Tumpeleke mtu huyu katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Mwana mpotevu, akiwa bado kwenye zizi la nguruwe, alijitungia hotuba ya kumwambia baba yake. Ilikuwa na mambo matatu: kwamba amekosa juu ya mbingu na mbele ya baba, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba afanywe kama mmoja wa vibarua. Alipofika nyumbani alilisema la kwanza, akalisema na la pili. La tatu halikusikika. Baba alikwisha kuwageukia watumishi, akaagiza joho, pete na viatu. Baba alilipokea ungamo, kwa kuwa lilikuwa la kweli, lakini ombi la kuwa kibarua hakulikubali. Yeye hakuwa na haja ya kibarua mpya. Alikuwa na haja ya mwanawe.

Basi aendeleaye kujiadhibu baada ya kusamehewa hafanyi toba iliyo kubwa zaidi. Amevuliwa matambara, naye ayafuata jalalani ayavae tena. Huo si unyenyekevu, maana humwambia Mungu kwamba hukumu yetu ni ya haki kuliko yake. Mtume Yohane, katika waraka wake wa kwanza, hutufariji kwamba hata moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo huo, naye ayajua yote. Ayajua na kosa, ayajua na machozi. Majuto ya kweli humtazama Mungu, ndiyo sababu huisha kwa amani. Kujichukia hujitazama tu, ndiyo sababu hakuna mwisho.

Lakini hapa pana ugumu mmoja, wala tusiufiche. Wahenga wetu walisema: kinyozi hajinyoi. Aliye hodari wa kunyoa vichwa vya mji mzima hawezi kukiona kisogo chake. Tukiambiwa tu tujihurumie, wengi tutashindwa, maana jicho letu halifiki huko. Mkristo hakuambiwa ajitengenezee pole yake peke yake, akijifungia chumbani. Aliambiwa akubali kuketi kitini, wengine wamnyoe. Kujitendea upole, kwa Mkristo, ni kwanza kukubali kutendewa upole na Mungu na watu wake.

Kukubali huko si jambo jepesi hata kwa watakatifu. Kwenye Karamu ya Mwisho, Bwana alipoinama kumwosha Petro miguu, Petro alikataa kata kata. Angefurahi mno kumwosha Bwana, ila kuoshwa kulimshinda. Bwana akamjulisha kwamba pasipo kuoshwa hatakuwa na sehemu pamoja naye. Tuyatafakari hayo sisi tupendao kuosha miguu ya wengine na kuificha yetu chini ya kiti. Tena Bwana mwenyewe, asiye na dhambi, alikubali kuhudumiwa: wanawake walimtumikia kwa mali zao safarini, Mariamu wa Bethania alimpaka miguu marhamu, na Simoni wa Kirene alimbebea msalaba. Hakuna tunaposoma kwamba aliona aibu.

Hata wakubwa wa Kanisa wamehitaji kukumbushwa. Mwaka 1145 mtawa mmoja aliyewahi kuishi chini ya Mtakatifu Bernardo, abate wa Clairvaux huko Ufaransa, alichaguliwa kuwa Papa Eujeni wa Tatu. Mashauri na kesi zikamzonga asubuhi hadi usiku. Bernardo akamwandikia kwa ujasiri wa baba, akimwonya kwamba kazi hizo zisizokoma zaweza kuufanya moyo wake kuwa mgumu. Akamshauri kwamba ikiwa watu wote wanakunywa katika kisima chake, yeye naye asikae kando na kiu. Anywe pamoja nao. Na somo la pili la leo, kutoka Waraka kwa Waebrania, latukumbusha kwamba makuhani wa Agano la Kale walitoa sadaka kwanza kwa ajili ya dhambi zao, kisha kwa ajili ya watu. Kristo peke yake ndiye asiyehitaji hivyo. Sisi wengine sote, tuhudumuo na tuhudumiwao, twasimama katika foleni moja ya wahitaji wa huruma.

Tufanye nini basi juma hili? Jioni, tunapopima dhamiri, tuanze kwa kushukuru kabla ya kuhesabu makosa. Na kosa tutakaloliona tuliseme kwa maneno ambayo tungeweza kumwambia rafiki akiwa ameketi mbele yetu. Dominika tupumzike kweli. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chaamuru kwamba siku ya pumziko wapumzike pia mtumishi, ng'ombe na punda. Ni ajabu iliyoje Mkristo kujinyima hata haki ya punda! Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tujifunze kusema "nimechoka, nisaidieni," na tuwatembelee watembeleaji: mama anayeuguza, katekista, mkunga, padre wetu. Na tukitoka kitubioni, tumwamini Padre aliyetuambia twende kwa amani.

Lipo neno moja la mwisho, nalo tulisikilize kwa makini. Kama yupo anayetusikiliza, ambaye sauti ya ndani imemwambia kwamba dunia ingekuwa nafuu bila yeye, ajue kwamba hiyo si sauti ya Mungu. Nabii Elia naye aliisikia, na Mungu hakumtupa. Asibaki peke yake na sauti hiyo hata usiku mmoja. Amwendee leo mtu mmoja anayemwamini, amwendee padre, amwendee daktari. Maana huzuni nzito ni ugonjwa unaotibika kama malaria ilivyo ugonjwa unaotibika, wala kutafuta dawa si upungufu wa imani. Elia alidhani amebaki pekee katika Israeli yote. Mungu akamjulisha kwamba wapo 7,000 wengine waaminifu, kisha akampa Elisha awe mwenzake.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliye mpole wa moyo, umetufundisha kuwapa pole wote tukutanao nao njiani. Utujalie neema ya kukubali pole yako wewe. Utuoshe miguu tunayoificha, utuvike joho tunalolikataa, utulishe mkate wa safari, ili tukiwa tumehurumiwa, tujue kuhurumia. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.